Mkwe Haguswi, Hata Pangoni

Jumatatu, 7 Desemba 1998

Mkwe amekufa. Ameunguzwa na joka kwenye pango la saba, ngao mkononi, mimi nikiangalia.

Nieleze vizuri, maana hata mimi mwenyewe nikija kuisoma hii mwakani nitashtuka. Mkwe wa kweli yuko Bunda, kule Nyasura, mzima kabisa, anaendesha lori la saruji. Aliyekufa ni mkwe wa kwenye kompyuta.

Kompyuta kaniletea Magesa, mwanangu wa kwanza, fundi wa hizo mashine Dar es Salaam. Mtaa huu wote wa Mwisenge, hapa Musoma, hakuna mwingine mwenye nayo. Watu wakipita dirishani wanafikiri ni televisheni, wananiuliza taarifa ya habari imeanza? Nawaambia hii haisomi habari, hii inafikiri. Wanaondoka haraka.

Aliiweka Pasaka, akatia na mchezo humo ndani, ati nisikae bure. Ni watu sita wanaopita mapangoni kupigana na mazimwi, kila mmoja kwa zamu yake na kazi yake. Majina unawapa mwenyewe. Mpiga mishale nikamwita Dorkas, binti yangu wa katikati. Mpiga kombeo Esta, kitinda mimba wangu. Mchawi wa moto Magesa, kwa sababu ndiye mwenye akili, na uchawi wa Wazungu si uchawi. Mganga nikajiita Mama. Mwenye ngao nikamwandika Mkwe, mume wa Dorkas. Jina lake silitaji, wala hapa siliandiki. Kwetu mkwe hatajwi, haangaliwi usoni, hasogelewi.

Alibaki mwizi, wa kufungua makufuli. Mwanangu hawezi kuwa mwizi. Nikaandika Mwanaupe, jirani yangu mwenye duka.

Siku ile ya Pasaka Magesa alikuwa anacheka, anakula sato, akasema: Mama, ukiliua joka la pango la saba kwenye kiwango cha Ngumu, siku hiyohiyo nafunga ofisi, nawabeba na hao wengine, tunakuja kula sikukuu hapa. Kule Dar rafiki zake wote wanacheza kwenye Rahisi. Mimi alitaka kuniwekea Rahisi pia. Nilimuuliza, nani kati yenu nilimzaa kwa Rahisi? Akaweka Ngumu.

Sasa Krismasi imefika mlangoni na kila mmoja kanitumia salamu. Magesa ana kazi. Esta ana zamu ya wodi, Mwanza. Dorkas anakwenda kwa wakwe zake. Kwa hiyo njia imebaki moja, nayo inatema moto.


Jumanne, 8 Desemba

Mbinu mpya. Nimewapanga kwa kuzaliwa: Magesa mbele, Dorkas nyuma yake, Esta nyuma ya Dorkas. Wanapendeza, kama picha ya ukoo. Kumbe moto wa joka huenda mstari mmoja ulionyooka. Uliwapitia wote watatu kama uzi kwenye sindano. Mkwe alikuwa ameshakufa, nikabaki mimi na mwizi.

Mwizi akakimbia. Mwanaupe mtupu.

Dawa pia ziliisha mapema. Nagawa sawa: kila mtu chupa yake, aliyeumia na asiyeumia. Nimelea watoto watatu bila baba yao, marehemu Rafaeli, na hakuna aliyewahi kusema mwenzake kapewa kubwa. Siwezi kuanza leo kwa sababu ya joka.

Na Esta simpeleki mbele. Ni mdogo. Tangu pango la kwanza nimemficha nyuma, hajaua hata panya. Ubaya ni kwamba asiyepigana haongezeki nguvu, sasa wenzake wamekuwa majabali na yeye yuko vilevile alivyotoka nyumbani. Jiwe lake likigonga joka, joka linageuka kuangalia kama ni inzi.

Mchana Mwanaupe alikuja na bakuli la maandazi. Akainama kwenye kioo. Akauliza huyu Mwanaupe mwenye kisu ni nani. Nikamwambia ni malkia. Akaniambia, Mama Magesa, Kiingereza sikusoma, lakini mwizi namjuaga kwa kusimama kwake. Akakaa kidogo, halafu akauliza kama huyo Mwanaupe ameshaiba kitu cha maana au anahangaika na vikombe tu. Nikamwonyesha taji la dhahabu la pango la tano. Aliondoka ameridhika, bakuli kaniachia.

Nyumba yake ina kelele. Wanawe, wake za wanawe, wajukuu, wote uani mle. Ukuta ni mmoja. Nikinyamaza hapa nasikia wanavyogombania nyama.


Alhamisi, 10 Desemba

Nimegundua kinachomuua mkwe. Hapana, nilikijua zamani, ila leo nimekubali kukiandika.

Mganga haponyi kwa mbali. Ni lazima asimame kando ya mgonjwa, amguse. Mkwe ndiye nguvu yetu, ndiye anayesimama mbele ya joka, ndiye anayeumia kuliko wote. Na mimi siwezi kusimama kando yake. Nimguse mkwe? Mimi, mama mzaa mkewe? Hata kwenye harusi yao niliangalia pembeni, sura yake siijui hadi leo. Akija Musoma na lori akaniona sokoni, anakata kona na saruji yake yote. Kijana ana adabu sana, sijapata kuona. Sasa mimi nimkosee adabu kwa sababu tu tuko pangoni?

Kwa hiyo yeye anapigana upande wa kushoto, mimi nakaa kulia kabisa, nyuma ya jiwe, nimempa mgongo. Damu inamwisha. Namwombea.

Nikaona nimuulize Magesa kama kuna dawa ya kurusha. Nikaenda dukani kwa Mwanaupe, ndiko kwenye simu. Laini ilikuwa inakwaruza kama mtu anakaanga dagaa. Magesa hakuwepo, akapokea binti wa ofisini. Nikapiga kelele: hapa Musoma! Mwambie mkwe amekufa! Binti akasema, nani? Nikasema mkwe, mkwe amekufa, nimejaribu kila njia, afanye haraka. Binti akasema pole sana mama. Nikasema asante, ndiyo dunia. Laini ikakatika.

Binti mwenye huruma. Sauti nzuri. Nitamuuliza Magesa kama ameolewa.


Ijumaa, 11 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Simu ya Mwanaupe imekufa, nguzo imeanguka huko chini karibu na ziwa. Kwa hiyo Magesa hata akitaka kunijibu hawezi. Afadhali. Sasa nitajiambia hapigi kwa sababu ya nguzo.

Nilipika ugali mwingi, mkono umezoea sufuria kubwa. Nilikula kidogo, nikafunika. Nikawasha mashine nikakaa nao. Kabla ya pango kuna kambi, hata ukizima mashine ukiwasha unawakuta hapo, wanakaa kuzunguka moto wakingoja uwaamuru. Ukiwaacha bila kuwaamuru wanajinyoosha, wanakuna kichwa, wanaangaliana. Dorkas ana namna ya kugeuza shingo kama Dorkas. Leo sikuwapeleka popote. Niliwaacha tu kambini, nikakaa nao mpaka umeme ulipokatika.


Jumamosi, 12 Desemba

Leo nusura nizikwe.

Nilikuwa pangoni, nimefungulia sauti, zumari za vita zinalia, sisikii kitu. Mara naona dirishani lori la saruji limesimama na wanawake wanashuka wamejifunga kanga viunoni. Wamebeba kuni, wamebeba mchele, wamebeba masufuria ya jumuiya. Mbele yao Dorkas, hana viatu, analia: Mama yangu, mama yangu, nani atanipokea!

Nikatoka. Nikasema, karibuni, nani kafa?

Mama mmoja wa Nyasura alikaa chini kwenye matope. Dorkas akaniangalia kama anaangalia sanamu. Halafu mwanamume mrefu akaruka kutoka kwenye usukani wa lori, akanikimbilia, akanishika mabega yote mawili, akasema, Mama, uko hai.

Ana kovu juu ya nyusi. Macho kama ya kondoo. Ndipo nikaelewa ni nani. Na yeye akaelewa ananishika nani. Sijawahi kuona mtu akiachia kitu upesi namna ile, hata aliyeshika sufuria ya moto. Alirudi kwenye lori, akapandisha kioo, akajifungia.

Habari ilikwendaje? Dorkas kanieleza akiwa bado anajipangusa. Binti wa Dar alimwambia Magesa: Musoma wamepiga, mkwe amekufa. Magesa akadhani ni mume wa Dorkas. Akapiga simu duka la Hasani pale Nyasura kumpa dada yake pole. Hasani akamwita mwenye msiba. Akaja kupokea nani? Marehemu mwenyewe. Basi shemeji na shemeji wakakaa kwenye simu wakafikiri, watu wawili wenye akili. Wewe uko hai. Na Mama anakuitaga mkwe. Sasa na wewe mkwe wako ni nani? Ni Mama. Basi mkwe aliyekufa ni Mama. Wakaanza kulia kila mtu upande wake. Kupiga hapa kuuliza, nguzo iko chini.

Nilisema lakini aliyepiga simu nilikuwa mimi mwenyewe. Dorkas akasema binti alisema ni mama mmoja mwenye uchungu mwingi, wakadhani ni Mwanaupe.

Mwanaupe, ukutani kwake, alikuwa ameshaanza kulia pia. Alilia vizuri, namshukuru.

Kuni zimeshafika, mchele umeshafika, hauwezi kurudi. Tukapika. Uwanja ulijaa. Mkwe alipelekewa pilau kwenye lori, akashusha kioo kiasi cha sahani kupita, akapandisha.

Kuna jambo silisemi kwa mtu. Nilimsikia Dorkas alivyokuwa akilia kabla hajaniona. Kumbe angelia hivyo.


Jumapili, 13 Desemba

Esta kafika asubuhi kutoka Mwanza na macho yamevimba. Kaninunia mpaka saa ya chai, halafu akalala mapajani kwangu mbele za watu, nesi mzima. Nilimwonyesha Esta wa kwenye mashine, nyuma kabisa, msafi, hana hata mkwaruzo. Akauliza mbona hana nguvu. Nikamwambia namhifadhi. Akasema, Mama, mimi juzi nimezalisha mapacha peke yangu, taa imezimika. Sasa naambiwa siwezi kurusha jiwe.

Jioni Magesa. Amesafiri tangu Ijumaa, suti nyeusi ya kuazima, mikono mifupi. Alisimama mlangoni, akaingia jikoni akanywa maji, akatoka, akanikumbatia, akaenda tena kunywa maji.

Mkwe alituma mbuzi kwa mkono wa Dorkas, kwa kosa la kunishika. Ndiyo desturi. Nilituma jibu kwamba nimesamehe na kwamba mbuzi ni mnono. Alichinjwa palepale. Watu wa msiba wamekula adhabu ya mkwe na wameisifu.

Sebule ilijaa magodoro. Nilipita katikati yao mara kadhaa, nikisema natafuta kiberiti.


Jumatatu, 14 Desemba

Magesa alikaa kwenye mashine kuona mama yake alivyoua ukoo. Akaangalia mpango wangu wa vita. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, Mama, mwenye ngao umemweka Bunda na mganga umemweka Musoma, atapona kwa posta? Nikamweleza habari ya mkwe. Akasema hawa ni picha, picha hazina mkwe. Nikasema picha ya baba yako iko ukutani pale, itemee mate kama si kitu. Akaiangalia, mate akayameza.

Lakini ni mbishi, kama baba yake. Akamtoa Mama nyuma ya jiwe, akamweka kando ya Mkwe, bega kwa bega. Niliziba macho kwa kanga, nikaacha tundu. Esta akasema nipeni nafasi na mimi, akampeleka Esta mbele. Dorkas akasimamia mishale yake mwenyewe. Mwanaupe kaja na wajukuu kuangalia mwizi wake. Wote wamebanana kwenye kiti kimoja na mkeka, wanapiga kelele, huyo, huyo, mponye, mchome, ruka. Mama wa kwenye mashine akamgusa Mkwe. Mwanga wa kijani. Mkwe akasimama tena kama aliyenyweshwa uji. Joka likaanza kuyumba. Kumbe lilikuwa jepesi hivyo, kugusana tu.

Limebakiza pumzi moja. Zamu ya Magesa. Mkono wake uko kwenye kitufe.

Na mimi nikafikiri: likifa leo, hapa, Magesa atasema ahadi imetimia, tumekuja, tumekula, joka limekufa. Krismasi nitawaita kwa lipi?

Nilikuwa nimesimama karibu na waya wa mashine. Mguu wangu ukajikwaa. Niseme hivyo, ukajikwaa.

Kioo kikawa cheusi. Magesa akauliza, Mama, ulihifadhi? Nikasema kuhifadhi ndiyo nini. Mwanaupe aliniangalia mimi, akaangalia waya, akaangalia mguu. Mwizi anamjuaga kwa kusimama kwake.


Jumanne, 15 Desemba

Wameondoka. Esta wa kwanza, zamu ya wodi. Dorkas na lori. Mkwe alipiga honi kwa heshima, hakugeuka. Magesa wa mwisho. Niliuliza, basi Krismasi ndiyo hivyo tena, mtakuja? Akasema, Mama, ruhusa zetu zote tumezimaliza kwenye msiba wako. Alisema kwa upole. Akasema labda Pasaka.

Nimekunja magodoro. Moja nimeliacha.


Alhamisi, 17 Desemba

Nimerudi pangoni peke yangu. Nimejifunza mengi kwa Magesa. Kwa hiyo Mkwe nimemrudisha kushoto na Mama nimemrudisha nyuma ya jiwe. Juzi kulikuwa na vijana, vijana hawana adabu, lakini leo nyumbani kuna mtu mzima. Esta nimemficha. Dawa nimegawa sawa.

Wote wamekufa. Mwizi kakimbia.

Mwanaupe kaleta futari ya majaribio. Ramadhani inaingia siku yoyote, anapima kama mkono bado unajua viazi. Alikaa mpaka giza likaingia. Akaniambia kwa kupita tu kwamba kwake mlango haufungwi, sikukuu yao ikifika na yetu ikifika. Nikamwambia asante, nina wageni wengi mwaka huu.


Jumamosi, 19 Desemba

Nguzo imesimamishwa. Simu ya Mwanaupe inalia safi.

Sikulala nikifikiri, na asubuhi nimepata mbinu. Nimewasha mashine. Nimewaacha wanangu wote kambini, wamekaa kwenye moto wao, salama. Mwizi pia, huyo ni jirani mwema. Nimemchukua Mama peke yake, mganga, hana ngao, hana kisu. Nimempeleka pango la saba. Nimemsimamisha mbele ya joka, kwenye mstari ulionyooka.

Haikuchukua muda.

Nimevaa kanga safi nikaenda dukani. Alipokea binti yuleyule wa Dar. Nimesema polepole, kwa sauti ya chini, asikosee hata neno: hapa ni Musoma. Mwambie Magesa, Mama amekufa. Asitafute mkwe safari hii, ni Mama mwenyewe. Binti akaanza kulia. Sijasema uongo, anayetaka kuhakikisha aje aangalie kioo. Nikampa pole nikakata.

Mwanaupe alikuwa anapima sukari. Aliacha mizani ikining'inia. Akaniuliza, Mama Magesa, hivi huogopi? Nikamwambia naogopa mchele hautatosha, anipimie mwingine, na simu ikilia aiache ilie.

Nimetandika magodoro yote. Sufuria kubwa nimeiosha. Lori la Bunda nalitegemea kesho baada ya ibada, Esta kesho kutwa, na Magesa, kwa mwendo wa mabasi, ndiye wa mwisho. Kutoka hapo hadi Krismasi hakuna mtu mwenye akili atakayesema arudi ndipo aje tena. Jumanne watakuwa hapa wote.